Shamba likishaingia faili la usalama: jibu kwa msomaji wa Msambweni

*Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Msambweni, Kwale. Tulikuwa vijana kadhaa tukitaka kuitisha mkutano wa kijiji kuhusu mashamba tunayolima tangu enzi za babu zetu bila hati. Wazee wakatukataza kabisa: "Mtaitwa MRC, mje mchukuliwe usiku." Naomba unieleze, suala la shamba linageukaje kuwa la polisi? Nani anayeamua, na anaamua lini?*

Marahaba, mwanangu. Wazee wenu hawaogopi bure. MRC wanayoitaja ni Mombasa Republican Council, kundi lililotaka Pwani ijitenge na Kenya, na sababu za wazee nitazifikia. Kwanza nilishike hilo la mwisho, nani na lini. Wengi hudhani kuna siku moja ambapo mkubwa mmoja huketi mezani akaamua kwamba kuanzia leo shamba ni hatari kwa taifa. Siku ya namna hiyo huwepo, ila aghalabu huja mwishoni, kazi kubwa ikiwa imeshamalizwa na makarani.

Waliolichambua jambo hili kwa utaratibu walikuwa wasomi wa Copenhagen, Denmark, katika miaka ya 1990: Ole Wæver, Barry Buzan na wenzao. Wao wanasema hakuna suala linalozaliwa likiwa la usalama. Msemaji mwenye mamlaka hutangaza kwamba kitu tunachokithamini, iwe taifa, dini au uchumi, kiko karibu kuangamia. Kisha huomba aachiwe atoke nje ya kanuni za kawaida ili akiokoe. Wasikilizaji wakimkubalia, suala limehama. Wasipomkubalia, amepiga domo tu. Baadaye Mfaransa Didier Bigo akawakosoa kwamba wanasikiliza hotuba mno. Yeye alitaka tutazame kazi za kila siku za polisi, maofisa wa mipaka na watu wa ujasusi: fomu wanazojaza, orodha wanazotunza, bajeti wanazogombania. Kwa niliyoyaona katika mashauri ya Pwani, Bigo ana haki zaidi. Suala huwa la usalama pale linapobadilisha ofisi. Ukitaka kujua limehama lini, uliza faili lake liko meza ya nani.

Tuje kwenu sasa. Ukanda wa maili kumi wa Mwambao ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar kwa jina, Waingereza wakiutawala kwa mapatano ya 1895. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hatimiliki: mwenye kudai ardhi katika ukanda huo ajitokeze na ushahidi wake. Waliokuwa na makaratasi, na waliojua ofisi ilipo, wakaandikishwa. Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya mbari na ushahidi wake ulikuwa makaburi na miembe, hawakuandikishwa, na iliyobaki bila mdai ikahesabiwa mali ya serikali. Hapo ndipo walipoanza kuitwa maskota, yaani wakaaji wasio na hati, juu ya udongo walimozikwa wazee wao. Nalitaja hili mapema ili uone kwamba chanzo ni jambo la karani wa ardhi, kavu kabisa, lisilo na risasi ndani yake.

Sasa angalia jinsi dai kubwa kuliko lenu lilivyoshughulikiwa zamani. Uhuru ulipokaribia, wako watu wa Mwambao waliotaka ukanda wao ujitenge na Kenya. Kujitenga, si hatimiliki! Serikali ya kikoloni ikamleta Sir James Robertson mwaka 1961, akapita akisikiliza wanaotaka na wasiotaka, akaandika ripoti akishauri Mwambao uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta, waziri mkuu wa Kenya, na Mohamed Shamte wa Zanzibar wakaandikiana barua za makubaliano: dini zilindwe, mahakama za kadhi zibaki, hati za ardhi zilizokwisha kuandikishwa ziheshimiwe. Unaweza kusema makubaliano yale yaliwalinda wenye hati na kuwaacha wasio nazo, nami nitakuunga mkono. Hata hivyo lilikuwa jambo la tume, barua na mabishano. Hakuna aliyewekwa ndani kwa kuwa na maoni ya Mwambao mbele ya Robertson.

Kaskazini mambo yakaenda kinyume. Huko nako tume ilipita 1962, ikakuta wengi wa Wasomali wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini wanataka kuungana na Somalia. Tarehe 28 Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya bendera kupandishwa, serikali ikatangaza hali ya hatari huko. Vita vya Shifta, kati ya jeshi na waasi wa huko, vilikuja vikaisha kwa mapatano ya Arusha mwaka 1967, lakini hali ya hatari yenyewe haikuondolewa mpaka Novemba 1991. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa wasishtakiwe kwa waliyoyatenda katika vita vile. Mtoto aliyezaliwa Wajir, huko kaskazini, wakati wa uhuru alifika umri wa kuoa na kupata watoto akiwa bado anaishi chini ya sheria za dharura. Vita vilimalizika, faili halikurudi.

Kwa hiyo taifa lilelile, mwaka uleule, lilikuwa na madai mawili ya kujitenga. Moja likaenda kwenye tume na barua, jingine kwenye kambi za jeshi. Tofauti moja ilikuwa ya kweli: kaskazini palikuwa na silaha, na nchi jirani iliyodai sehemu ile waziwazi. Hilo silifichi. Lakini silaha hazielezi miaka 24 iliyofuata mapatano.

Mwambao ulifikiaje njia ya kaskazini? Hapa inabidi nitaje ghasia za Kaya Bombo, kwa sababu bila hizo hutaelewa hofu ya polisi wala ya wazee wenu. Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, vijana waliokula kiapo walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kuchukua bunduki, kisha wakawageukia watu wa bara, wakaua na kuchoma nyumba. Makumi ya maelfu walikimbia. Ardhi na ajira ndiyo yaliyokuwa malalamiko midomoni mwao, na wanasiasa walihusishwa na kuwachochea. Tangu hapo, mtu wa Kwale akisema "ardhi" na "vijana" katika sentensi moja, ofisa wa usalama husikia Likoni.

Halafu likaja kundi la Mombasa Republican Council, MRC, na wimbo wao wa "Pwani si Kenya". Hoja yao kubwa ilikuwa makaratasi: mapatano ya 1895 na ya 1963. Mimi naona hoja hiyo ni dhaifu kisheria, lakini hoja dhaifu hujibiwa kwa hoja. Tazama tarehe sasa. Katiba mpya ilitangazwa 27 Agosti 2010, na sura yake ya tano inahusu ardhi. Inaunda Tume ya Taifa ya Ardhi na kuipa kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi. Taifa lilikiri kwa maandishi kwamba dhuluma hizo zipo. Haikupita miezi miwili, Oktoba 2010, gazeti rasmi la serikali likatoa orodha ya makundi 33 ya uhalifu wa kupangwa, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka huohuo. Mlikuwamo Mungiki, Chinkororo, Jeshi la Mzee, Baghdad Boys. Na MRC.

Orodha ile ni karatasi ya kawaida, majina yamepangwa moja baada ya jingine. Kundi linalokata watu vichwa na kundi linalobishia mapatano ya Sultani yanakaa mstari chini ya mstari, bila maelezo ya nani alifanya nini. Uanachama wenyewe ukawa kosa. Na hapa ndipo gurudumu linapoanza kuzunguka, mwanangu, na ndiyo sehemu ninayotaka uisome polepole.

Watu wakitaka kukutana kuzungumzia mashamba, polisi wanasema huo ni mkutano wa kundi lililopigwa marufuku, hivyo si halali. Wakikutana usiku kwa kuogopa polisi, usiku unakuwa ushahidi wa njama. Wakikamatwa, shtaka ni uanachama wa kundi haramu. Mashtaka yakijaa, idadi ya waliokamatwa inapelekwa katika ripoti ya kamati ya usalama kuonyesha kundi linakua. Ripoti ikifika juu, inaombewa magari na askari zaidi. Katika mzunguko wote huo hakuna aliyekwenda kwenye ofisi ya ardhi kuuliza shamba ni la nani. Ofisa wa ardhi mwenyewe, akiulizwa, hujibu kwamba jambo hilo lina mambo ya usalama, naye angependa kustaafu salama.

MRC walikwenda mahakamani. Julai 2012 majaji watatu wa Mahakama Kuu ya Mombasa wakaifuta marufuku ile, wakisema haikupita kipimo cha katiba. Kwa wasomi wa Copenhagen suala lingepaswa kuishia hapo: msemaji alisema, msikilizaji mwenye nguvu akakataa. Lakini Oktoba mwaka huohuo, polisi walivamia Kombani, hapo kwenu Kwale, wakamkamata mwenyekiti wao Omar Mwamnuadzi, na katika msako huo watu waliuawa. Amri ya mahakama ilifuta tangazo la gazeti rasmi. Faili la kituo cha polisi halikufutwa na mtu. Usiku wa kuamkia uchaguzi wa 4 Machi 2013, askari wakauawa Mombasa. Serikali ikaitaja MRC, MRC ikakana. Baada ya hapo nani angemsikiliza mtu wa kusema shamba ni shamba?

Usidhani ni serikali peke yake inayocheza mchezo huu. MRC nao waliufanya. Walipotoka kwenye "tupeni hati" wakaenda kwenye "tunaangamia, na tusipojitenga tutaisha", walikuwa wakifanya kilekile wanachofanya mawaziri: kulikuza jambo la kugawana likawa jambo la kufa na kupona, ambalo halina nusu kwa nusu. Na mwanasiasa wa Pwani anayesimama jukwaani akisema watu wa bara ni hatari kwetu anamfanya jirani yake, muuza viazi wa Ukunda, kuwa suala la usalama. Hati inaweza kugawanywa ekari kwa ekari. Kuangamia hakugawanyiki.

Lamu ilituonyesha kwamba chombo hiki kinaweza pia kugeuzwa upande wa pili. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani. Al-Shabaab, kundi la kigaidi la Somalia, walidai ni wao, na katika madai yao wakaitaja ardhi: kwamba mji ule ulikuwa wa Waislamu kabla walowezi hawajaletwa. Wale ni wauaji, lakini walijua palipo na jeraha. Mradi wa makazi wa Mpeketoni, uliowapa watu wa bara mashamba katika miaka ya 1970, haujawahi kuisha kubishaniwa Lamu. Rais Uhuru Kenyatta akalihutubia taifa akisema halikuwa shambulio la Al-Shabaab, bali mitandao ya kisiasa ya hapohapo. Gavana wa Lamu, Issa Timamy, akakamatwa, kisha akaachwa kwa kukosekana ushahidi. Mwisho wa Julai hati 22 za ardhi, takriban ekari 500,000 za Lamu, zikatangazwa kufutwa. Ugaidi ukaitwa siasa, siasa ikapelekwa polisi, na suala la ardhi likajibiwa kwa amri iliyotoka juu kana kwamba nalo ni operesheni. Wiki saba, na kila kitu kimepelekwa ofisi isiyo yake.

Aliyelipa zaidi katika hayo ni mtu ambaye hakuhusika na hati wala siasa. Wavuvi wa Lamu walikatazwa kuvua usiku kwa sababu za kiusalama, na katazo hilo likadumu miaka. Mtu wa bara atasema basi avue mchana. Wewe wa Msambweni unajua samaki hawendi hivyo. Bamvua na maji mafu hayafuati saa ya kituo cha polisi. Kuna samaki wa giza, kuna nyavu zinazotegwa jioni zikapanduliwa alfajiri, na jua la saa nne likishakolea samaki aliyebaki majini ni hasara. Mvuvi akiuliza katazo litaisha lini, ofisi ya uvuvi haikuwa na jibu, kwa kuwa amri haikutoka kwao. Hii ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote: ofisi inayolijua jambo hilo ndiyo isiyoweza tena kulisemea.

Sisemi hatari zilikuwa za kubuni. Katika mashambulio ya Al-Shabaab, kwenye duka la Westgate la Nairobi walikufa watu 67, Chuo Kikuu cha Garissa 148. Serikali isiyolinda watu wake haina haja ya kuwa serikali. Tatizo ni upana wa wavu baada ya msiba. Siku chache baada ya Garissa, Aprili 2015, serikali ilitoa orodha nyingine katika gazeti rasmi, na humo yalikuwamo mashirika mawili ya haki za binadamu ya Mombasa, MUHURI na Haki Africa. Akaunti zao zilifungwa. Hawa ndio waliokuwa wakiuliza vijana waliopotea wako wapi. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Mombasa iliona hakuna ushahidi wa kuwahusisha na ugaidi, ikaagiza akaunti zifunguliwe. Miezi yote ile katikati, maswali waliyokuwa wakiuliza hayakuulizwa.

Je, jambo likishahama linaweza kurudi? Linaweza, na mfano mmoja uko Likoni. Shamba la Waitiki, ekari zipatazo 930, lilivamiwa na maskota baada ya ghasia za 1997, na kwa miaka mingi kutajwa kwake tu kulileta lori la askari. Hatimaye serikali ililinunua kwa zaidi ya shilingi bilioni moja, na Januari 2016 wakaaji wakaanza kupewa hati. Papo hapo ukazuka ugomvi mpya, kwa kuwa kila mkaaji alitakiwa alipe shilingi 182,000. Watu walipiga kelele, wanasiasa wakapinga, magazeti yakaandika. Nilifurahi kusikia kelele zile. Watu waliokuwa wakihesabiwa kuwa tishio walikuwa sasa wanabishia bei.

Ukumbuke pia kwamba Mau Mau, waliodai ardhi kabla yetu sote, walipigwa marufuku mwaka 1950, na amri ile ilibaki katika vitabu vya Kenya huru hadi 2003. Serikali mbili za Waafrika, wengine wakijisifu kwa damu ya Mau Mau, zilipita bila mtu kulifunga faili hilo. Kwa hiyo ukiambiwa "hilo la MRC lilikwisha mahakamani", usiwacheke wazee wanaotikisa kichwa.

Sasa mkutano wenu. Ufanyeni, lakini ufanyeni mchana na kwa karatasi. Sheria ya utulivu wa umma inataka taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi, OCS, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla ya mkutano. Ni taarifa, si maombi ya ruhusa. Kifungu cha 37 cha katiba kinawapa haki ya kukutana kwa amani bila silaha. Katika barua andikeni ajenda kwa majina ya mashamba na namba za viwanja kama mnazijua, na neno "Pwani" lisionekane kama hamlihitaji. Mwalikeni chifu, na mwalikeni ofisa wa ardhi wa kaunti kwa barua yake mwenyewe, hata kama mnajua hatakuja. Majirani zenu wa bara wanaolima hapo waalikwe pia, tena wakae mbele.

Mjue pia kwamba mlango mmoja uliwafungia mwaka 2021. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yaliweka miaka mitano ya kupeleka madai ya dhuluma za kihistoria kwa Tume ya Taifa ya Ardhi, na muda huo uliisha 2021. Katiba bado inaitaja kazi hiyo, kwa hiyo mwulizeni mbunge wenu hadharani, palepale mkutanoni, mlango huo sasa uko wazi au la, na anafanya nini ili dai lenu lipokelewe. Hilo ni swali la siasa, lina mtu wa kulijibu, na akishindwa mna kura.

Barua ya OCS ipelekeni nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, nayo abaki nayo mzee yule aliyewakataza.